Mbegu safi ya viazi huanzia ndani ya chupa

UKISAFIRI kutoka Nairobi kuelekea Namanga, ukiupita mji wa Kitengela na kabla hujafika Isinya, unaingia Kisaju. Hapo zamani palikuwa malisho matupu ya ng'ombe wa Wamaasai. Siku hizi nyanda hizo zimegawanywa vipande, zimezungushiwa nyua za waya, na katikati ya nyumba mpya vinaonekana vivungulio vya plastiki ambamo hukuzwa maua, nyanya na mboga kwa maji ya visima.

Si mahali ambapo mtu angetarajia kusikia habari za viazi. Kwa Mkenya, viazi ni zao la Nyandarua, Molo, Meru na Bomet, nchi za baridi na mvua ya kutosha. Udongo wa Kisaju ni mweusi na mzito. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na mvua ikinyesha hushika maji na kuozesha kila kilichofukiwa ndani yake.

Hata hivyo, kuna kazi moja ya viazi ambayo nyanda kavu kama hizo zinaiweza kuliko milima ya Nyandarua, nayo ni kuzalisha miche safi ya kuanzishia mbegu. Sababu ni rahisi. Palipo na mashamba mengi ya viazi pana magonjwa mengi ya viazi, na mche usio na ugonjwa hulindwa vyema zaidi mbali na jamaa zake walio wagonjwa.

Jambo hili lamhusu kila mpenda chipsi, awe wa Kitengela au wa Kisumu. Mnamo Januari 2022, Wakenya wengi walishangaa na kukasirika waliposikia kwamba mkahawa wa kimataifa wa KFC uliishiwa na chipsi nchini kwa kuwa viazi vyake viliagizwa kutoka ng'ambo na meli zilikuwa zimechelewa. Nchi ambayo viazi ndivyo chakula chake cha pili kwa umuhimu baada ya mahindi ilikuwa ikingojea viazi bandarini. Mjadala wa siku zile ulihusu zaidi mikataba na ubora, lakini wanaolijua zao hili walirudia neno lilelile ambalo wamelisema kwa miaka mingi: mbegu.

Mkulima wa viazi hapandi punje kama apandavyo mahindi. Hupanda kiazi chenyewe, yaani kipande cha mmea uleule wa msimu uliopita. Kama mmea ule ulikuwa na virusi au bakteria, basi ugonjwa huo unahamia shamba jipya pamoja na mbegu, na msimu unaofuata unahamia tena. Wakulima wenyewe wana neno lao kwa hali hii. Husema kwamba mbegu imechoka.

Kuna desturi inayozidisha uchovu huo, ingawa inafanywa kwa nia njema. Baada ya kuvuna, mkulima huuza viazi vikubwa na kubakiza vile vidogo avifanye mbegu. Lakini mara nyingi viazi vidogo hutoka kwenye shina lililodumaa, na shina limedumaa kwa sababu ni gonjwa. Hivyo kila msimu mkulima anachagua, bila kujua, mimea iliyo dhaifu kuliko yote shambani ili iwe mama ya mazao yajayo.

Matokeo yanaonekana kwenye gunia. Kwa miaka mingi, wastani wa mavuno nchini Kenya umekuwa kati ya tani 7 na 10 kwa hekta, ilhali wakulima wenye mbegu safi na matunzo mazuri hufikisha tani 30 na hata zaidi. Mbegu iliyoidhinishwa imekuwa ikitumiwa na wakulima wachache mno, chini ya asilimia 5 kwa kadirio la mara nyingi.

Magonjwa yenyewe ni ya aina mbalimbali. Viko virusi vinavyoenezwa na vidukari, kile cha kukunja majani na kile kiitwacho Y vikiwa ndivyo vibaya zaidi. Uko mnyauko unaoletwa na bakteria aitwaye Ralstonia, ambaye hukaa udongoni na kusafiri ndani ya kiazi kinachoonekana kizima kabisa. Tena mnamo mwaka wa 2015 waligunduliwa nchini minyoo wadogo wa udongoni wanaoshambulia mizizi ya viazi, ambao mayai yao hudumu ardhini miaka mingi. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoweza kumtoa bakteria au kirusi ndani ya kiazi kilichokwisha kuambukizwa.

Hapo ndipo maabara inapoingia. Ukuzaji wa mimea kwa njia ya tishu umesimama juu ya jambo ambalo mtaalamu wa Austria, Gottlieb Haberlandt, alilitabiri mwaka wa 1902: kwamba seli moja ya mmea ina uwezo wa kukua na kuwa mmea kamili ikipewa chakula na mazingira yanayoifaa. Yeye mwenyewe hakufaulu kulithibitisha kwa vitendo. Ilipita nusu karne kabla ya Wafaransa Georges Morel na Claude Martin kuonyesha, mwaka wa 1952, kwamba ua la dalia lililojaa virusi laweza kutoa mche usio na virusi. Miaka michache baadaye walifanya vivyo hivyo kwa kiazi.

Siri yao ilikuwa katika ncha. Kileleni mwa kila chipukizi pana kifundo cha seli changa, kisichozidi nusu ya milimita, ambacho seli zake hugawanyika kwa kasi. Virusi husafiri ndani ya mmea kupitia mirija inayopeleka chakula, lakini mirija hiyo haijafika bado katika kifundo hicho. Mtaalamu akikikata chini ya darubini kwa kisu chembamba, anaweza kupata sehemu ndogo ambayo ugonjwa haujaifikia.

Ili kujihakikishia zaidi, mmea mgonjwa huwekwa kwanza kwa wiki kadhaa katika chumba chenye joto la nyuzi 36 hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Joto hilo hupunguza kasi ya virusi kuzaana huku mmea ukiendelea kukua. Baadaye ndipo ncha inapokatwa.

Kikonyo hicho hutiwa ndani ya chupa au neli ya kioo yenye chakula laini mfano wa uji ulioganda. Chakula chenyewe ni maji, chumvi za madini, vitamini, sukari kiasi cha gramu 30 kwa lita, na aga, unga utokanao na mwani ambao ndio unaougandisha. Mchanganyiko unaotumika sana hadi leo ulitungwa na Toshio Murashige na Folke Skoog huko Wisconsin, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 1962. Wao walikuwa wakishughulikia tumbaku, lakini mimea mingi imekubali kula katika chungu hicho kimoja.

Sukari hiyo ni mtihani mkubwa. Chakula kinachompendeza mche humpendeza kuvu pia, na chembe moja ya vumbi ikiingia, baada ya siku chache chupa hujaa ukungu mweupe na kazi yote huharibika. Kwa sababu hiyo vyombo na chakula hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, joto la nyuzi 121, na kazi ya kukata hufanywa mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa. Mfanyakazi hunawa kwa spiriti, huvaa koti safi, na haongei akikata. Wengi wa mafundi hawa ni wanawake vijana, nao hukaa saa nyingi wakirudia mwendo uleule wa kisu na koleo. Ni kazi inayotaka mkono uliotulia kama wa mshonaji.

Mche wa kwanza ukishakua haukubaliwi kwa macho tu. Hupimwa kwa vipimo vya maabara, kikiwemo kile kiitwacho ELISA na vingine vinavyotafuta vinasaba vya virusi. Kwa upande wa kiazi kitamu hutumika pia njia ya kale ambayo bado inaaminika: kipande cha kiazi kitamu hubandikwa juu ya mmea wa jamii yake uitwao Ipomoea setosa, ambao huonyesha dalili upesi majani yake yakiguswa na virusi hata kwa uchache. Nchini Kenya kazi hii ya kusafisha na kupima imekuwa ikifanywa katika kituo cha karantini ya mimea cha Shirika la Ukaguzi wa Afya ya Mimea, KEPHIS, kilichoko Muguga. Viazi mviringo vina kituo chao cha utafiti huko Tigoni, Limuru, kilicho chini ya KALRO, shirika lililochukua nafasi ya KARI. Aidha, Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, chenye makao yake makuu Lima nchini Peru, kina ofisi yake ya kanda jijini Nairobi.

Mche ukithibitishwa kuwa safi, kinachofuata ni hesabu. Shina lake hukatwa vipande, kila kipande kikiwa na jani na jicho moja, na kila jicho huwa mche mpya baada ya wiki tatu au nne. Tuchukulie kwamba mche mmoja hutoa vipande 5 kila mwezi. Mwezi wa kwanza una miche 5, wa pili 25, wa tatu 125, na mwezi wa sita mche ule mmoja umekuwa miche 15,625. Bila shaka chupa nyingine huharibika na nyingine hudumaa, kwa hiyo hesabu ya karatasini haifikiwi. Lakini linganisha na shamba, ambako kiazi kimoja hutoa kama viazi 10 kwa msimu na kila msimu huongeza nafasi ya kuambukizwa.

Hatari kubwa ya mche wa chupani ni siku ile unapotolewa. Umezoea unyevu wa daima na chakula cha bure, na majani yake hayajajenga nta ya kuzuia maji yasipotee. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye jua na upepo wa Kajiado utanyauka kabla ya saa sita mchana. Huoshwa mizizi ili mabaki ya sukari yasivute kuvu, hupandwa katika mchanganyiko wa mboji au mchanga uliochemshwa, hufunikwa, kisha hufunuliwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka uzoee.

Kutoka hapo njia zinagawanyika. Njia ya zamani ni kuiacha miche izae viazi vidogo mno ndani ya kivungulio, vingine vikiwa na ukubwa wa gololi, ambavyo hupandwa shambani kwa misimu kadhaa ndipo ipatikane mbegu ya kutosha kuuziwa wakulima. Iko pia njia ya kuininginiza mizizi hewani gizani na kuinyunyizia chakula, ambayo huongeza sana idadi ya viazi kwa kila mche lakini hutegemea pampu na umeme. Umeme ukikatika na jenereta isiwake, mizizi hukauka kwa muda mfupi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni njia nzuri mikononi mwa anayeweza kulala karibu na pampu yake.

Njia ya tatu ndiyo iliyobadilisha mambo katika miaka ya karibuni. Miche ya maabara hupandwa kivunguliono iwe miche mama, haiachwi izae, bali vilele vyake hukatwa kila mara na kuotesha mizizi katika trei kama miche ya nyanya. Wakulima wa Dalat, Vietnam, wamekuwa wakiitumia tangu miaka ya 1980. Nchini Kenya ilianza kuenezwa katikati ya miaka ya 2010, nayo ina faida kwamba mche husafiri bila udongo wa shambani, hivyo haubebi minyoo wala mnyauko kutoka shamba la mtu mwingine.

Hapa ndipo mtu wa Kisaju mwenye kisima na kivungulio anapoweza kupata nafasi yake. Hahitaji kulima viazi vya kula. Udongo wake haumruhusu. Anahitaji maji, kivuli, wavu wa kuzuia vidukari na nidhamu.

Lakini asijidanganye kwamba ukavu wa nchi unamtosha. Nyanya ni jamaa wa karibu wa kiazi, na nyanya zimelimwa kwa wingi katika vivungulio vya Kitengela na Isinya. Bakteria wa mnyauko hushambulia mimea hiyo miwili, na kirusi Y vilevile. Mfanyakazi anayetoka kufunga nyanya za jirani na kuingia kwenye kivungulio cha miche mama kwa viatu vilevile anaweza kuharibu kwa dakika moja kazi iliyochukua maabara miezi. Maji ya kisima nayo yapimwe, kwa kuwa maji yenye chumvi nyingi hudumaza mizizi michanga.

Kwa mkulima anayenunua, swali ni bei. Akipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari moja huchukua takriban miche 18,000. Tuseme mche mmoja ni Sh10. Hiyo ni Sh180,000 kwa ekari, gharama ambayo hakuna mkulima mdogo atakayeibeba wala haifai kubebwa. Kosa ni kudhani kwamba miche hii ni ya kupanda shamba zima.

Hesabu sahihi ni hii. Mkulima ananunua miche 500 kwa Sh5,000 na kuipanda kwenye kitalu kidogo ambako hajawahi kupanda viazi wala nyanya. Kila mche ukimpa viazi 10 atavuna viazi 5,000, vinavyotosha zaidi ya robo ekari. Msimu wa pili, kila shina likitoa viazi 8, atakuwa na viazi 40,000, yaani mbegu ya zaidi ya ekari 2. Kwa njia ya kawaida, ekari moja huhitaji magunia 16 hivi ya mbegu ya kilo 50.

Kuna masharti. Mche huu ni mchanga, nao unahitaji kumwagiliwa kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Anayengojea mvua peke yake asiununue.

Viazi vitamu vina kisa chao, na pengine ndicho kinachoigusa zaidi Kajiado. Zao hili hupandwa kwa marando, si kwa kiazi, na kila mwaka kiangazi kirefu huua marando yote. Mvua ikifika, mkulima hutembea akiomba kwa majirani au kuchuma mabondeni, na anachopata huwa tayari kimeambukizwa. Ugonjwa mkuu husababishwa na virusi viwili vinavyokutana ndani ya mmea mmoja, kimoja kikiletwa na inzi weupe na kingine na vidukari. Kila kimoja peke yake kinaweza kuvumiliwa. Vikiungana, majani hukunjamana na mavuno yanaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Marando safi yaliyotoka maabara yanaweza kutunzwa ndani ya vibanda vidogo vya wavu ambavyo mkulima hujenga mwenyewe kwa fito. Na kwa nyanda kavu ipo mbinu isiyohitaji maabara wala wavu. Wakati wa kuvuna, viazi vidogo visivyo na jeraha wala dalili ya ugonjwa huhifadhiwa ndani ya mchanga mkavu, mahali penye kivuli. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua hufukiwa kwenye kitalu na kumwagiliwa, navyo huchipua. Viazi 40 vinaweza kutoa takriban vikonyo 1,500, kwa wakati unaofaa kabisa.

Wanaopanda kwa ajili ya watoto wangeulizia aina za rangi ya chungwa, kama Kabode na Vita zilizotoka Uganda. Gramu 125 za kiazi cha namna hiyo hutosha kumpa mtoto wa chini ya miaka mitano vitamini A ya siku nzima. Kwa kazi hiyo Robert Mwanga wa Uganda na Maria Andrade wa Cape Verde, pamoja na Jan Low na Howarth Bouis, walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 2016.

Inafaa kuondoa dhana moja iliyoenea sokoni, kwamba mche wa chupani ni mmea uliobadilishwa maumbile. Sivyo. Hakuna jeni inayotiwa wala kutolewa. Shangi inayoingia maabara ndiyo Shangi inayotoka, isipokuwa imeacha ugonjwa nyuma. Huenda watu huchanganya mambo haya kwa kukumbuka mradi mwingine, ule wa kiazi kitamu kilichotiwa jeni ya kuzuia virusi, ambao matokeo ya majaribio yake nchini yaliripotiwa mwaka wa 2004 kuwa hayakuwa bora kuliko viazi vya kawaida.

Lakini tofauti hiyo ina upande wake wa pili, ambao wauzaji wa miche hawapendi kuutaja. Mche safi si mche sugu. Ukipandwa kando ya shamba lililooza kwa mnyauko utaugua kama mwingine yeyote, na huenda mkulima akalaumu maabara. Vilevile, miche elfu kumi iliyotoka kwa mama mmoja ina udhaifu mmoja. Ireland ililipia jambo hilo kwa njaa kuanzia mwaka wa 1845, wakati ukungu ulipoangamiza viazi ambavyo karibu vyote vilikuwa vya aina moja.

Kwa asiye na uwezo wa kununua chochote, watafiti waliofanya kazi na wakulima wa Kenya walionyesha kwamba kuna hatua ya kuanzia. Kabla mimea haijaanza kukauka, mkulima hutembea shambani akichomeka vijiti kando ya mashina yaliyonawiri. Wakati wa kuvuna, mashina hayo huchimbwa kwanza na viazi vyake, vikubwa na vidogo, huwekwa kando viwe mbegu. Mavuno yaliongezeka kwa wastani wa takriban asilimia 30, bila gharama isipokuwa vijiti.

Anayenunua miche, kwa upande mwingine, aulize mambo kadhaa kabla ya kutoa pesa: ni maabara gani ilitoa miche mama, ililetwa lini, ilipimwa kwa magonjwa gani, na je, muuzaji amesajiliwa na KEPHIS. Kisha ang'oe mche mmoja kwenye trei autazame. Mizizi iwe meupe na ishike udongo, shina liwe nene bila madoa, na chini ya majani pasiwe na mdudu hata mmoja. Trei zisafirishwe jioni zikiwa zimefunikwa dhidi ya upepo, na miche ipandwe siku hiyo au kesho yake, baada ya jua kupungua.